UZI: Seli T kwenye Crohn na kolaitisi ya vidonda. Kwa nini kuziba IL-17 kuliwazidishia wagonjwa, na kuziba IL-23 kunawapa nafuu?

#1 TeziLimfu

Wakuu, habari za muda huu.

Kila inapotajwa Crohn au kolaitisi ya vidonda, yaani magonjwa mawili ya mchochota (uvimbe unaowashwa na kinga) wa muda mrefu kwenye utumbo, maelezo yanayotolewa ni kwamba kinga ya mwili imeasi na inashambulia utumbo, basi tiba ni kuishusha. Kwa mgonjwa anayetaka kuelewa haraka yanasaidia kidogo. Kwa anayechagua dawa au anayesoma kinyama (kipande kidogo cha utumbo kilichokatwa kwa uchunguzi) chini ya hadubini hayatoshi hata kidogo, maana ndani ya utumbo uleule kuna seli T (aina ya seli nyeupe za kinga) zinazowasha moto, zipo zinazouzima, na zipo ambazo kazi yake hugeuka kulingana na amri zinazopokea.

Mfano mzito ni sekukinumabu, dawa ya kingamwili inayonasa IL-17A, moja ya saitokini, yaani protini za ujumbe ambazo seli za kinga hutumiana. Ilishajulikana kwamba utumbo wa mgonjwa wa Crohn umejaa IL-17, kwa hiyo hoja ilionekana imenyooka: inase, moto uzimike. Jaribio lilifanywa kwa wagonjwa 59 na matokeo yakachapishwa 2012. Waliopewa dawa hawakuwashinda waliopewa dripu tupu, mwelekeo ulikuwa wa kuzidiwa, na maambukizi yakiwemo ya fangasi yaliongezeka. Brodalumabu, inayoziba kipokezi cha IL-17, nayo jaribio lake la Crohn lilisimamishwa njiani. Na hizi ni dawa zinazosafisha ngozi ya mwenye soriasisi vizuri sana.

Sasa twende kwenye njia yenyewe.

Seli ya dendriti inaokota vipande vya bakteria kwenye ukuta wa utumbo, inavipeleka kwenye tezi limfu za tumboni, inamwonyesha seli T ambaye hajawahi kukutana na adui. Pale anapewa vitu vitatu: kipande chenyewe, idhini ya pili kupitia CD28 (kipokezi kilicho juu yake), na saitokini zinazoamua atakuwa nani. Akipewa IL-12 anakuwa Th1, moja ya aina za seli T saidizi, na kutoa saitokini ya interferoni gama. Akipewa TGF-β pamoja na IL-6 anakuwa Th17. Akipewa TGF-β bila IL-6, hasa penye asidi ya retinoiki inayotokana na vitamini A, anakuwa seli T dhibiti, mzima moto, yule mwenye protini ya FOXP3. Asidi hiyohiyo ya retinoiki inampiga mhuri wa anwani: integrini α4β7 (protini ya kujishikiza) na kipokezi CCR9. Anaingia kwenye damu, anazunguka, na anapofika kwenye mishipa ya utumbo α4β7 inashika MAdCAM-1 iliyo kwenye ukuta wa mshipa. Hapo ndipo anapotoka na kuingia kwenye utando wa utumbo.

Shikeni jambo hili: Th17 aliyetengenezwa na TGF-β na IL-6 peke yake si mkali. IL-17 yake inawaambia seli za ukuta wa utumbo zikaze viungio, IL-22 yake inaongeza ute na kuponya michubuko, na kwa pamoja zinazuia fangasi. Anageuka mkali IL-23 inapomfikia kwa muda mrefu. Hapo anaanza kutoa interferoni gama na GM-CSF (saitokini nyingine) juu ya IL-17, na hao wenye sura mbili ndio wanaokutwa kwenye vidonda. Juu ya hayo, zipo seli T za gama-delta zinazotoa IL-17 bila kuhitaji IL-23 kabisa, na hizo ni walinzi wa ukuta.

Kwa hiyo ukiziba IL-17 umemvua mlinzi na mkali kwa pamoja. Ukiziba IL-23 unamnyima mkali chakula na mlinzi anabaki kazini. Vinasaba vilisema hivyo mapema: mwaka 2006 ilionekana kwamba watu wenye badiliko la Arg381Gln kwenye jeni la kipokezi cha IL-23 hawapati Crohn kirahisi kama wengine.

#2 MfamasiaBandari

Nakushukuru mkuu. Vitabu tulivyosomea viliandika Crohn ni Th1 na kolaitisi ya vidonda ni Th2 (seli T saidizi zinazotoa saitokini kama IL-13). Wengi bado wanafundisha hivyo. Tuufute mgawanyo huo au una kiasi cha ukweli?

#3 TeziLimfu

Mkuu @MfamasiaBandari, ulikuwa na msingi lakini umechoka. Mgawanyo wa Th1 na Th2 ulitoka kwa Mosmann na Coffman mwaka 1986, wakifanya kazi na seli za panya, na kila ugonjwa ukalazimishwa kuingia kwenye moja ya makapu hayo mawili. Kwenye kolaitisi ya vidonda kweli inaonekana IL-13 nyingi kuliko kwenye Crohn. Lakini kuiona saitokini kwenye kidonda hakuthibitishi kwamba ndiyo inayokichimba.

Dawa zilijibu swali hilo. Tralokinumabu na anrukinzumabu zote zinanasa IL-13, na zote zilishindwa kwenye kolaitisi ya vidonda. Fontolizumabu inanasa interferoni gama, nayo haikuleta matokeo ya kuridhisha kwenye Crohn. Kisha ustekinumabu, inayoshika p40, kipande ambacho IL-12 na IL-23 wanachangia, ikafanya kazi kwenye magonjwa yote mawili: Crohn 2016, kolaitisi ya vidonda 2019. Risankizumabu ikashika p19, kipande cha IL-23 peke yake, na mwaka 2024 kwenye jaribio la ana kwa ana kwa wagonjwa wa Crohn walioshindikana kwa dawa za kuzuia TNF (saitokini nyingine ya mchochota), ikaishinda ustekinumabu. Maana yake IL-23 ndiyo iliyokuwa inabeba mzigo, IL-12 ilikuwa abiria.

Kwa faili lako la dozi za Crohn: ustekinumabu huanza kwa dripu moja ya karibu 6 mg kwa kilo (260, 390 au 520 mg kulingana na uzito), kisha 90 mg chini ya ngozi kila wiki 8. Risankizumabu ni 600 mg kwa dripu wiki ya 0, 4 na 8, kisha 180 au 360 mg chini ya ngozi kila wiki 8.

#4 MwakaWaNne

Samahani wakubwa zangu, swali la mwanafunzi. Kama seli T dhibiti ndizo zinazozima moto, je, mgonjwa wa Crohn amepungukiwa nazo? Na kama ndiyo, kwa nini asiongezewe?

#5 BenchiLaFlo

Swali zuri, mdogo wangu, na jibu linawashangaza wengi: kwenye kinyama chenye mchochota, seli za FOXP3 kwa kawaida zimeongezeka. Zimo humohumo ndani ya moto na bado moto unawaka.

Msingi wa yote ni kazi ya Fiona Powrie na wenzake ya mwaka 1993. Walichukua seli za CD4 kutoka panya mzima wa afya, wakazitenga kwa alama ya CD45RB. Zenye CD45RB nyingi zikichomwa kwa panya asiye na limfosaiti zake mwenyewe, baada ya wiki chache anakonda, anaharisha, na utumbo mpana unanenepa kuta. Zenye CD45RB kidogo zikiongezwa kwenye sindano ileile, haumwi. Anayerudia jaribio hili leo huchoma seli 400,000 hivi kwenye tumbo la panya wa Rag1 (aina isiyo na limfosaiti) na kumpima uzito mara mbili kwa wiki. Panya akifugwa bila bakteria kabisa, ugonjwa hautokei au unakuwa hafifu mno, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba seli hizo zinapigana na bakteria wa utumbo zaidi ya kuushambulia mwili wenyewe. Mwaka 2025 Nobel ya Tiba ilikwenda kwa Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi kwa ugunduzi wa seli T dhibiti na jeni la FOXP3.

Sasa kwa nini haziuzimi moto kwa binadamu? Sababu moja inayoeleweka vizuri ni kwamba seli T wakali wameziba masikio. Ndani yao protini ya SMAD7 imepanda, na SMAD7 inakata ujumbe wa TGF-β. Mzima moto anapiga kelele, hasikilizwi. Dawa ya kushusha SMAD7, mongerseni, ilianza kwa matumaini makubwa na jaribio la awamu ya tatu likasimamishwa 2017 kwa kukosa manufaa. Kwa hiyo kujua hitilafu iko wapi hakukutosha kuitengeneza.

Breki zikiondolewa kabisa tunaona wazi kinachotokea. Mtoto aliyezaliwa na hitilafu kwenye kipokezi cha IL-10 anapata mchochota mkali wa utumbo ndani ya miezi ya mwanzo, na kinachomponya ni kupandikizwa uboho. Mgonjwa wa saratani anayepewa ipilimumabu, inayoziba CTLA-4 (breki ya seli T), anaweza kupata kolaitisi ndani ya wiki chache tu.

#6 MwakaWaNne

Asante sana kaka. Tuna mpango wa kuhesabu seli hizi kwenye vinyama kwa mradi wa mwisho. Tunaanzia wapi?

#7 BenchiLaFlo

Anzia kwa kukubali kwamba damu haitakupa jibu la utumbo. Seli T nyingi za utandoni ni wakaazi, zina alama ya CD69 na wengi wao CD103, hazirudi kwenye damu. Ukipima damu tu umepima barabara, hujapima nyumba.

Chukua vinyama 6 hadi 8 kwa kila eneo, uvitie kwenye RPMI (kimiminika cha kulishia seli) yenye seramu ya ndama asilimia 10, juu ya barafu, na uanze kazi ndani ya saa 4. Ondoa kwanza ukuta wa nje: EDTA 5 mM (inanasa kalisi) na DTT 1 mM (inalegeza ute) kwenye myeyusho usio na kalisi wala magnesi, nyuzi 37, dakika 20, ukitikisa. Rudia mpaka maji yawe meupe. Hatua hii ikirukwa, ute na seli za ukuta zinaganda na kuziba chujio, na mashine ya kuhesabia seli utaifungua siku hiyohiyo.

Osha EDTA yote. Narudia: yote. Kolajenasi, kimeng'enya kitakachosaga kinyama, inahitaji kalisi, na mabaki ya EDTA yanaiua. Watu wanaongeza dozi ya kolajenasi wakidhani ni dhaifu, kumbe hawakuosha. Weka kolajenasi 1 mg kwa mililita na DNaze 0.1 mg kwa mililita, nyuzi 37, dakika 30 hadi 45, kisha chuja kwa chujio la mikroni 70 na la 40. DNaze si pambo. Seli zilizokufa zinamwaga DNA inayonata kama uji, na seli nzima zinanaswa humo.

Kolajenasi pia hunyoa alama juu ya seli, na CD4 inaweza kuathirika kulingana na toleo la chupa. Kila chupa mpya, chukua seli za damu, zigawe mara mbili, nusu itie kolajenasi kwa muda uleule, halafu linganisha. Bila ulinganisho huu utaandika kwamba mgonjwa hana CD4 wakati wewe ndiye uliyemnyoa.

Kwa kupima saitokini, changamsha seli: PMA 50 ng na ionomisini 1 µg kwa mililita, brefeldini (inazuia saitokini kutoka nje ya seli) baada ya saa ya kwanza, jumla saa 4 hadi 5. PMA inaizamisha CD4 ndani ya seli, hivyo tafuta CD3 isiyo na CD8 badala ya kung'ang'ania CD4. Rangi ya kutenga wafu ni lazima, kwa kuwa wafu hunywa kila kingamwili. Kwa seli dhibiti, tumia CD25 nyingi pamoja na CD127 kidogo, na FOXP3 kwa myeyusho unaofungua kiini. Kwa binadamu seli T yoyote iliyochangamshwa huonyesha FOXP3 kwa muda mfupi, kwa hiyo usiamini FOXP3 peke yake.

#8 DripuSalama

Naomba niingie upande wa wodini, maana infliksimabu, kingamwili inayonasa TNF, ndiyo ambayo wengi wetu tunakutana nayo, na mara nyingi tunaharibu dawa ya bei kubwa kwa haraka.

Mgonjwa wa kilo 60 kwa 5 mg kwa kilo anahitaji 300 mg, yaani chupa 3. Kila chupa ya 100 mg itie maji ya sindano 10 ml kwa sindano namba 21 au nyembamba zaidi, ukielekeza maji kwenye ukuta wa chupa, si juu ya unga. Zungusha taratibu, usitikise. Hii ni protini, ukiitikisa inatoa povu na kuharibika. Iache dakika 5. Toa 30 ml kwenye mfuko wa 250 ml wa sodiamu kloraidi 0.9%, kisha ingiza 30 ml za dawa. Usitumie glukosi. Pitisha kwenye chujio la mikroni 1.2 au dogo zaidi, kwa muda usiopungua saa 2, na uanze ndani ya saa 3 tangu kuyeyusha. Ratiba ni wiki ya 0, 2 na 6, kisha kila wiki 8.

Swali langu kwa wakuu: kwa nini hii ifanye kazi kwenye Crohn na etanesepti isifanye, wakati zote zinanasa TNF?

#9 TeziLimfu

Dada @DripuSalama, hapo umegusa kiini. Kama kazi ingekuwa kufyonza TNF inayoelea tu, etanesepti ingetosha. Infliksimabu inashika pia TNF iliyobanwa juu ya seli. Kwenye utando wa mgonjwa, makrofaji (seli za kinga zinazomeza wadudu) wanaonyesha TNF hiyo kwa seli T kupitia kipokezi cha TNFR2, na ujumbe huo unamwambia seli T asife. Seli T wa Crohn ni wagumu kufa, hilo ndilo tatizo lao. Infliksimabu ikikata ujumbe huo, wanakufa kwa utaratibu.

Azathiopurini nayo, dawa ya kushusha kinga, ukiitazama kwa karibu, inaua seli T: zao lake linashika protini ya Rac1 ndani ya seli na kugeuza idhini ya CD28 kuwa amri ya kufa. Kwa kuwa inangoja seli zichangamshwe ndipo izidondoshe, usitegemee matokeo kabla ya wiki 8 hadi 12. Vedolizumabu (300 mg, wiki 0, 2, 6, kisha kila 8) haiui mtu, inaziba α4β7 ili wapya wasiingie. Waliokwisha kuingia wanabaki mpaka waishe wenyewe, ndiyo maana kwenye Crohn matokeo huonekana wiki ya 10 hadi 14. Kuiacha wiki ya 6 kwa kudhani imeshindwa ni kosa la mara kwa mara.

#10 MfamasiaBandari

Nakazia kwenye azathiopurini: mgonjwa akiwa anatumia alopurinoli ya gauti, dozi ishushwe hadi robo au theluthi, la sivyo uboho unazima. Picha nzima ya damu kila wiki kwa wiki 4 za mwanzo, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri.

#11 KinyamaNaHadubini

Wakuu, mmeeleza dawa vizuri sana lakini kwa kwetu kuna mlango mmoja ambao lazima ufungwe kabla ya yote hayo: TB ya utumbo. Inakaa palepale Crohn inapopenda kukaa, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, na zote zinatengeneza granuloma (vifundo vya seli za kinga), kwa seli zilezile za Th1 na makrofaji. Tofauti ni kwamba kwenye TB granuloma ndiyo gereza lenyewe, na TNF ndiye mlinzi wa lango. Mwaka 2001 yaliripotiwa matukio 70 ya TB baada ya infliksimabu, wastani wa kati ukiwa wiki 12, na 40 kati ya hayo yalikuwa nje ya mapafu.

Kinachoelekeza kwenye TB: granuloma kubwa zinazoungana, zenye kuoza katikati kama jibini, vidonda vinavyozunguka utumbo kwa mkato, na vali ya pale kwenye makutano iliyobaki wazi. Kinachoelekeza kwenye Crohn: granuloma ndogo za pekepeke, vidonda virefu vinavyofuata urefu wa utumbo, na ugonjwa kuzunguka njia ya haja kubwa. Tuma vinyama vingine bila fomalini kwa ajili ya GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) na kuotesha. Kinyama kilichotiwa fomalini hakioteshwi tena, na kosa hili linafanyika kila wiki. GeneXpert kuwa hasi hakuiondoi TB, kwani wadudu kwenye utumbo ni wachache. Ikibaki utata, dawa za TB hutangulia na kamera inarudiwa baada ya miezi 2 hadi 3. Vidonda vya TB huwa vimepona au karibu. Dalili kupungua peke yake si ushahidi.

Pia ondoeni amiba, kichocho cha tumbo na strongiloidi (aina ya minyoo) kabla ya steroidi. Mwenye strongiloidi akipewa prednisoloni, ambayo ni steroidi, minyoo hiyo inazaliana na kusambaa mwili mzima, na mgonjwa anaweza kufa.

#12 BenchiLaFlo

Naongezea kipimo cha TB iliyolala, cha damu, kinachosoma interferoni gama. Hiki ni kipimo cha seli T. Mgonjwa akiwa tayari kwenye prednisoloni ya dozi kubwa, seli zake haziwezi kutoa interferoni hata kwenye chupa ya kuchangamsha, na jibu linarudi "halisomeki". Hilo si hasi. Toeni damu kabla ya steroidi.

Chupa ni 4, kila moja 1 ml. Tikisa mara 10, kwa nguvu ya kulowesha kuta tu, na ziingie kwenye nyuzi 37 ndani ya saa 16, zikae saa 16 hadi 24. Chupa huvuta damu kwa ombwe, na ombwe hilo hutegemea mwinuko. Za kawaida zinafaa Dar na Mombasa, lakini mpaka mita 810 tu. Nairobi iko karibu mita 1,800, huko zinatakiwa zile za mwinuko mkubwa (mita 1,020 hadi 1,875). Damu ikipungua au kuzidi kwenye chupa, uwiano na kichangamshi unaharibika na jibu linapotoka.

Ikiwa chanya na hakuna TB hai: isoniazidi 5 mg kwa kilo, isizidi 300 mg kwa siku, pamoja na vitamini B6, miezi 6 hadi 9, na dawa ya kuzuia TNF ingoje angalau wiki 4. Rifampisini ina tabia ya kuishusha prednisoloni na tofasitinibu (kidonge cha kolaitisi ya vidonda) kwenye damu, kwa hiyo mfamasia ashirikishwe.

#13 DripuSalama

La mwisho kutoka kwangu: mama aliyepata infliksimabu wakati wa ujauzito, mtoto wake apewe BCG lini? Huku kwetu inachomwa siku ya kuzaliwa.

#14 KinyamaNaHadubini

Asichomwe siku hiyo, dada. Infliksimabu inavuka kondo la nyuma, hasa miezi mitatu ya mwisho, na imekutwa kwenye damu ya mtoto hadi miezi 12. BCG ni bakteria hai, na bila TNF hakuna gereza la kumfungia. Mwaka 2010 Uingereza iliripotiwa kifo cha mtoto wa miezi 4 na nusu kwa BCG iliyosambaa, mama yake alikuwa kwenye infliksimabu. Miongozo ya zamani ilisema miezi 6, ya sasa inaelekea 12. Chanjo zisizo hai aendelee nazo kwa ratiba, polio ya matone na rota zijadiliwe na daktari wa watoto. Andikeni kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ya kliniki ya mama na ya mtoto, tena kabla ya leba, kwa sababu anayechoma BCG asubuhi ile siye aliyetundika dripu.